Siku Sita Bila Kartushi za Njano

Siku ya kwanza nilipofika kazini, Shefu wa Magazini, yaani msimamizi wa ghala la vifaa, hakunipa daftari wala funguo. Alikuwa mzee mrefu, jina lake Papa Numbi, mwenye sauti ya chini, na kiwanda kizima kilimheshimu ingawa kazi yake ilikuwa kugawa buti na glavu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya kisigino, kisha akashusha vitu kutoka kwenye rafu, kimoja kimoja, akavipanga mbele yangu: kaske, yaani kofia ngumu ya kulinda kichwa; miwani ya kazi iliyofungwa pembeni; glavu ndefu za mpira zinazofika kiwiko; aproni nzito ya kuzuia asidi; buti zenye chuma mbele ya vidole; na maski ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili mashavuni. Vichujio hivyo ndivyo tulivyoviita kartushi.

“Leo hautagawa kintu,” akaniambia. “Leo utavala. Utavala bile byote mpaka saa tisa, na kazi yako itakuwa kutembea mu usine.”

Nilidhani ananitania: kuzunguka kiwandani bila kazi nyingine. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, mama wa watoto wawili, binti wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka Lubumbashi kutoka kaskazini mwa Katanga, na nilijiona nimekuja kufanya kazi ya kalamu. Lakini nilivaa. Nilitembea kati ya mapipa makubwa ambamo shaba na kobalti huyeyushwa kwa asidi, nikapanda ngazi za chuma, nikashuka. Buti zilikuwa za wanaume. Ndogo kuliko zote ilikuwa namba arobaini na moja, na mimi navaa thelathini na saba. Kufika saa sita miguu ilikuwa imechubuka, na jasho lilikuwa limejaa ndani ya miwani hadi nikawa napapasa ukuta.

Saa tisa nilirudi magazini. Papa Numbi alinisaidia kuvua maski.

“Unasikia je?”

“Papa, nakosa pumzi.”

“Muzuri. Kesho muntu atakuya hapa ku dirisha, atasema hii maski inamuchokesha. Usimuambie kusema yee ni muvivu. Utajua anasema kweli, na utamuambia avale tu.”

Nilifanya kazi chini yake miaka tisa. Ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye viwanda vya shaba mnapewa mafunzo kwenye skrini, na mnasaini kwa kidole. Sisi tulijifunza dirishani. Mtu alikuja na glavu iliyotoboka, nasi tuliuliza imetoboka wapi, kwa sababu tundu la kiganjani husema alishika chuma chenye ncha, na tundu la kati ya vidole husema asidi imeila taratibu. Mtu aliyeleta buti zenye soli iliyoyeyuka, Papa Numbi aliondoka naye kwenda kuona mahali anaposimama, na mara nyingi walikuta bomba linalovuja ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika. Alikuwa akisema magazini ndiyo hospitali ya kwanza, maana vitu huugua kabla ya watu.

Somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la kartushi. Kartushi haichuji kila kitu. Kila aina ina utepe wa rangi, na rangi ndiyo inayokuambia inakamata nini. Nyeupe ni ya vumbi. Kahawia ni ya mvuke wa mafuta, kama ule wa kerosini tuliyoitumia kutenganisha shaba na maji yake. Ya njano ni ya gesi ya salfa. Tulikuwa na sehemu ya kiwanda tuliyoiita Salfa tu, ambako unga wa salfa ulichomwa kwenye tanuri ukawa gesi, na gesi hiyo ikapita kwenye mabomba hadi kwenye mapipa ya kobalti. Gesi ile ukiivuta kidogo, koo linafunga. Ukiivuta sana, inakutana na unyevu wa mapafu yako na kugeuka asidi humo ndani. Mtu aliyevaa kahawia mbele ya gesi ya salfa amevaa pambo.

Papa Numbi alipostaafu nilipewa funguo zake, nikawa mimi ndiye Shefu wa Magazini. Wanaume wengine walicheka, mwanamke kuongoza magazini ya usine. Walizoea. Nilikuwa mkali. Mwenye ndevu sikumpa maski mpaka anyoe, kwa sababu hewa mbaya hupita katikati ya nywele. Na kila aliyepokea nilimsimamisha pale pale, azibe kartushi kwa viganja na kuvuta pumzi: maski ikimng'ang'ania usoni, imekaa vizuri. Waliniita Mama Bea wa Maski, nami nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Mmoja wa wale niliowapa maski kila wiki alikuwa Papa Ilunga, fundi wa Salfa. Mtu wa mtaa wa Makomeno, mnene kidogo, mwenye sauti nzito, aliyeimba besi kwenye kwaya ya parokia na aliyepiga mluzi akingoja zamu yake dirishani. Hakuwa mtu wa kubishana. Akipewa kitu, alikitazama, akakijaribu, akashukuru, akaenda zake.

Mwaka wangu wa nne kama shefu, lori lililobeba kartushi za njano lilikwama mpakani. Nilikuwa nimeshaandika mara mbili kwamba akiba inaisha. Jumatatu asubuhi nilifungua sanduku la mwisho na kukuta jozi mbili, zikaenda kwa mafundi wawili waliowahi. Nikapanda kwa Mkurugenzi wa Uzalishaji.

Nataka kuwa mkweli juu ya mtu huyo. Hakuwa mbaya. Alijua majina ya watoto wetu. Lakini siku hiyo alikuwa na simu sikioni na nyingine mezani, na alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

“Muko na kartushi zingine?” akauliza.

“Za kahawia ziko mingi, Directeur. Lakini zile ziko za mafuta. Hazikamate salfa.”

“Mama Bea, kartushi ni kartushi. Zote zinachuja. Lori itafika mu siku mbili, tatu. Usine ikisimama siku tatu, mi njo nitaita ku bakubwa kuwaambia je? Kusema tumesimamisha kobalti juu ya rangi?”

“Directeur, kama gesi ikitoka…”

“Imetoka lini mara ya mwisho?”

Ilikuwa haijatoka kwa muda mrefu. Hilo ndilo lililonishinda. Naye akarudi kwenye simu yake. Nilishuka ngazi nikijiambia kwamba nimeshasema, kwamba mwenye kuamua ameamua. Nilifungua sanduku la kahawia.

Kwenye fishi, ile karatasi ambayo kila mtu husaini anapopokea kifaa, niliandika ukweli: kartushi, kahawia. Mkono wangu uliandika kweli. Mdomo ndio uliofanya vingine.

Papa Ilunga alifika asubuhi hiyo hiyo, kama saa mbili. Akazigeuza zile kartushi mkononi.

“Mama Bea, hii rangi iko ingine.”

Nyuma yake kulikuwa na watu saba au wanane wanangoja. Ningeweza kusema: Papa, ya njano hakuna, hii haikulinde, ikitoka gesi ukimbie. Ni maneno ya kupumua mara mbili. Badala yake nikasema: “Iko sawa, Papa. Vala tu.”

“Kama ni weye unasema, basi,” akajibu, akasaini.

Lori halikufika siku ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, king'ora kililia.

Kiwandani kwetu king'ora kikilia, unatazama juu kwanza, kwenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kuonyesha upepo unakoelekea, kisha unakimbia kinyume na gesi hadi mahali pa kukutania. Nilikimbia na daftari la majina. Watu walikuwa wanafika wakikohoa, macho mekundu. Niliposoma majina ya Salfa, watatu hawakuitika: vijana wawili waliokuwa juu ya pipa wakibadilisha bolti, na Papa Ilunga.

Nilisimuliwa baadaye na vijana wale wenyewe. Kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka karibu na ngazi, na wingu la gesi likaziba njia yao pekee ya kushuka. Papa Ilunga alikuwa chini, hatua chache kutoka mlango wa nje. Walimwona akitazama mlango, kisha akiwatazama wao. Akavaa maski, akaziba kartushi kwa viganja na kuvuta pumzi kama nilivyokuwa nikimfundisha kila wiki, akaingia kwenye wingu kwenda kufunga vane, lile gurudumu la chuma linalozuia gesi bombani. Vane ilikuwa ngumu. Aliizungusha hadi mwisho. Wingu likapungua, wao wakashuka wakiwa wameziba nyuso kwa mashati, kwa kuwa maski zao walikuwa wameziacha chini.

Nilimwona akitoka kwa miguu yake mwenyewe. Alitembea hadi kwenye nyasi, akaketi, akavua maski na kuiweka pembeni kwa uangalifu, kama mtu anayejua ataitumia tena. Kisha akaanza kukohoa, na kikohozi hakikukoma. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Zile kartushi zilikuwa zinanitazama na utepe wao wa kahawia.

Alipelekwa zahanati ya kiwanda, na kutoka hapo hospitali ya mjini. Lori la kartushi za njano lilikuja kufika jioni ya siku ya sita.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita. Mezani palikuwa na ripoti iliyopigwa chapa, na fishi mpya isiyoandikwa kitu. Ripoti ilisema fundi Ilunga alichelewa kuvaa kifaa alichopewa. Mkurugenzi alikuwa hajanyoa ndevu.

“Mama Bea, andika ingine. Andika njano. Ile ya zamani unipatie.”

“Na Papa Ilunga?”

“Banamutunza. Kiwanda hakiwezi kumuacha.”

“Hapa imeandikwa kusema alikosa yee.”

Aliisukuma ile fishi mpya kuelekea kwangu. Nikamwomba anipe hadi kesho. Fishi ya kwanza ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeitoa kwenye faili siku ile ile ya ajali, bila hata kujua ninataka kuifanyia nini. Ninakiri kwamba nilifikiria kuichoma. Jina langu lilikuwa juu yake pia.

Mchana huo nilienda hospitali. Papa Ilunga alikuwa ameinuliwa kwa mito, na mrija wa hewa puani. Mke wake, Mama Jeanne, alikuwa ameketi kando akipepea kwa kipande cha katoni ingawa hakukuwa na joto. Aliponiona alisimama.

“Mama Bea, Mungu ametuletea weye. Banakuya hapa banasema hakuvala maski. Yee, bwana yangu, hakuvala? Weye njo unamupatiaka. Sema.”

Niliweka mfuko wa matunda chini.

“Alivala, Mama. Alivala muzuri. Ni miye nilimupatia ile haikuwe ya ile gesi.”

“Ulikosea?”

“Hapana. Nilijua.”

Mama Jeanne aliketi polepole. Papa Ilunga alikuwa macho. Alikuwa amesikia kila neno. Aliniangalia, na sikuona hasira, niliona kitu kama mshangao, kama mtu aliyepiga hodi nyumbani kwake na kujibiwa na sauti ya mgeni. Kisha akageuzia uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata sikupitia kiwandani. Nilienda ofisi ya Inspekta wa Kazi nikiwa na fishi ya kwanza na nakala za barua zangu mbili za kuomba kartushi. Inspekta alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisoma, akarudia kusoma.

“Mama, unaelewa kusema hii karatasi inakushitaki weye pia?”

“Ninaelewa.”

“Barua zako zinakusaidia.”

“Barua niliandikia bakubwa. Papa Ilunga sikumuambia kitu.”

Aliandika maelezo yangu kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, nikasaini. Uchunguzi ulichukua wiki kadhaa. Mwishowe ripoti ilibadilishwa. Ilitambuliwa kuwa ajali ya kazi, kwamba fundi alivaa alichopewa na kwamba alichopewa hakikufaa, na matibabu ya Papa Ilunga yakawa juu ya kiwanda. Mkurugenzi aliondoka kimya kimya. Mimi nilipata onyo la maandishi kwenye faili langu, ambalo nililistahili, na karatasi ya uhamisho, ambayo wenzangu walisema ni adhabu ya kusema.

Nilipelekwa upande wa Kipushi, kwenye mtambo mdogo wa kusaga mawe. Huko hakukuwa na gesi. Adui alikuwa vumbi, unga mweupe laini unaokaa mapafuni miaka mingi kabla ya kujitambulisha. Nilikuwa na chumba kimoja cha mabati na dirisha moja. Nilifanya kazi hapo hadi pensheni, kwanza magazini, baadaye kama mhusika wa usalama, yaani yule anayezunguka akitazama kila mtu amevaa nini na anasimama wapi.

Nitawasimulia siku moja tu ya Kipushi. Vichujio vyeupe viliisha. Shefu wa Timu alikuja dirishani na watu wake kumi na wawili, akanyoosha mkono bila kunitazama.

“Hakuna,” nikasema.

“Hakuna namna gani? Utupatie basi zile za bitambaa.”

“Zile za bitambaa ziko za kufagia nyumba. Vumbi ya hapa inapita. Nikikupatia ile, utafikiri uko na kintu ku mupua, na hauko na kintu.”

Alipiga kelele. Akasema wanawake wanaogopa. Akaniuliza kama ninajua mtambo ukisimama nani ataulizwa. Nikamwambia ninajua, waniulize mimi, na nikaandika kwenye ubao wa nje kwa chaki, herufi kubwa: VICHUJIO HAKUNA. Watu walisoma wenyewe. Mmoja akaketi kwenye jiwe, wengine wakafuata. Mtambo ulisimama siku hiyo yote na nusu ya siku iliyofuata, hadi gari lilipoleta sanduku kutoka mjini. Kisha kazi ikaendelea. Hakuna aliyeugua wiki hiyo, na hakuna aliyenishukuru, kwa sababu hakuna kilichotokea. Kazi hii ndivyo ilivyo. Ukiifanya vizuri, huna cha kuonyesha. Ukiifanya vibaya, una jina la mtu.

Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Kasungami kama zamani, ninalima mboga nyuma ya nyumba. Vijana wa mtaa wanaofanya kazi viwandani hunipitia wakiwa na maswali: glavu gani kwa asidi gani, kartushi iliyofunguliwa hudumu muda gani. Ninawajibu. Lakini ninawaambia pia kwamba katika miaka yote ile kifaa kilichoniwia kigumu kuliko vyote kukitoa kilikuwa neno moja, hakuna. Tunalelewa kuona aibu kulitamka. Mwenye magazini anayesema hakuna anaonekana hakufanya kazi yake. Kwa hiyo tunajaza mkono wa mtu na chochote kilicho karibu, anaondoka ametulia, nasi tunabaki tumetulia.

Papa Ilunga hakurudi kazini. Miaka minne nilikuwa nikienda Makomeno kila baada ya wiki mbili, na miaka minne aliposikia sauti yangu uani aliingia chumbani. Mama Jeanne alinipokea, tulichambua maharagwe pamoja, tukaongea juu ya watoto, nikaondoka. Sikumwomba aniombee msamaha kwa mumewe, naye hakujitolea.

Mwaka wa tano, siku moja ya Jumapili, nilimkuta ameketi uani na hakuinuka. Mama Jeanne aliniletea kiti, akaenda jikoni. Papa Ilunga alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya mabegani. Alizungumza kwa vipande vifupi, akipumzika katikati.

“Bale batoto babili,” akasema, “bale ba yulu ya pipa. Mumoja alikuya hapa juzi. Ameoa.”

“Nilisikia, Papa.”

“Nafikiriaka kintu kimoja. Kama ungeniambia ile kartushi haifai, ningekimbia. Sawa bengine. Na bale bangekufa.”

Swali hilo nilikuwa nimeshakutana nalo peke yangu, mara nyingi, na sikuwahi kulijibu.

“Basi bantu banasema, unaona, Mungu alipanga,” akaendelea. “Padri pia alisema vile. Miye nakatala. Juu pengine singekimbia. Pengine ningejua ile maski haiko kintu, na ningeingia tu. Sijue. Haitajulikana tena.” Akapumzika. “Ile njo uliniondolea, Mama Bea. Mapafu, ni sawa, mapafu iko ya kufa siku moja. Lakini nilitaka nichague miye mwenyewe.”

“Ni kweli, Papa,” nikasema. “Nilikuondolea ile. Nisamehe.”

Hakusema amenisamehe, wala hajanisamehe. Alimwita Mama Jeanne alete chai, akaniuliza mvua ya Kasungami imenyesha kiasi gani na kama mahindi yameota. Tuliongea hadi jua lilipolegea.

Nilipoaga, alisimama akishika ukingo wa kiti. Nikamwambia abaki, ninaijua njia. Akatikisa kichwa. Alinisindikiza hadi barabarani. Ni hatua kama hamsini kutoka uani kwao, na tulisimama mara tatu ili apumue. Kila mara nilisimama naye, nikangoja hadi pumzi yake iliporudi ndipo tukaendelea.